Anayekwenda Zambia ajipange akiwa bado Dodoma

Mhariri,

Makala za utalii magazetini zinayasifia Maporomoko ya Mosi-oa-Tunya (Victoria) ya Zambia hadi msomaji anatamani kufunga mzigo usiku huohuo. Haziandiki ni mwezi gani ukifika utakuta maji na mwezi gani utakuta mawe, wala karatasi gani utaulizwa dirishani Nakonde, mji wa Zambia wa mpakani. Naomba nafasi niyaeleze hayo kwa wasomaji wa Dodoma na Kanda ya Kati. Sisi tunaoshughulika na abiria wa njia ya kusini tunaona wazi kwamba wengi wanaokwama hukwama kwa mambo ambayo yangemalizwa hapa nyumbani ndani ya wiki mbili.

Nianze na pasipoti. Mtanzania haombi viza ya Zambia. Mtalii, au anayekwenda kusalimia ndugu, anaruhusiwa kukaa hadi siku 90 katika miezi 12. Anayekwenda kwa shughuli za biashara anaruhusiwa siku 30 tu katika miezi hiyohiyo 12, na hapo ndipo watu wanapojiponza: anasema anakwenda kutembea, kumbe begi limejaa sampuli za bidhaa na daftari la oda. Sema ukweli. Jambo la pili, mara nyingi hugongewi siku zote 90 kwa mkupuo; unaandikiwa 30, kisha unakwenda ofisi ya uhamiaji ya mji uliopo kuongezewa kabla hazijaisha. Kwa hiyo usiondoke dirishani kabla hujausoma muhuri. Tarehe ikikosewa, inasahihishwa palepale kwa dakika moja. Ukigundua kosa uko Lusaka, unakuwa na kesi ya kujieleza.

Pasipoti yenyewe ni shilingi 150,000 na inadumu miaka 10. Fomu inajazwa kwenye tovuti ya Uhamiaji, ukiwa na namba ya NIDA, cheti chako cha kuzaliwa na cha mzazi au kiapo kinachosimama badala yake. Kinachochelewesha maombi mengi ni majina. Cheti kinasema Mariamu, NIDA inasema Mariam. Baba ana majina mawili hapa na matatu kule. Linganisha herufi kwa herufi kabla ya kulipia chochote. Aliye na pasipoti tayari aangalie kama imebakiza angalau miezi sita na kurasa tupu mbili tatu. Ukisafiri na mtoto ambaye mzazi wake mwingine hayupo safarini, beba cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya ridhaa ya huyo mzazi, iliyothibitishwa na wakili, iandikwe kwa Kiingereza.

Kadi ya chanjo ya homa ya manjano nayo huulizwa na maofisa wa afya mpakani. Chanjo ni moja kwa maisha yote. Tangu Julai 2016 hakuna tena habari ya kurudia kila baada ya miaka kumi, hata kama kadi yako ni ya zamani. Ila kadi inaanza kuhesabika siku 10 baada ya kuchanjwa. Aliyechanjwa Jumatatu akasafiri Alhamisi ana kadi halali ambayo haijaanza kazi. Wenye mzio mkali wa mayai, wenye kinga dhaifu na waliovuka miaka 60 wazungumze na daktari kwanza. Kama chanjo haiwafai, wapewe barua rasmi ya kusamehewa. Wako watu wanaouza kadi bila sindano. Tafadhali msinunue. Mbali na kwamba ni kosa, mtu anabaki bila kinga.

Sasa dawa, na hapa naomba nisikilizwe kwa makini kuliko mahali pengine pote. Zambia inadhibiti kwa ukali dawa ambazo kwetu mtu ananunua dukani kama pipi. Chukua chupa ya dawa ya kikohozi iliyo kabatini, soma maandishi madogo ya viambato. Ukiona neno diphenhydramine, au codeine, iache nyumbani. Kiambato hicho cha kwanza kimo kwenye dawa nyingi za kikohozi, za mafua na za mzio, zile zinazoleta usingizi, na kimo pia kwenye orodha ya Zambia ya dawa zinazodhibitiwa. Wasafiri wameshakamatwa na Tume ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya nchi hiyo kwa vidonge vya mzio vilivyokuwa ndani ya mkoba, na kusema hukujua hakukutoi mahabusu haraka. Kama unatumia dawa za kudumu, za presha, kisukari, kifafa, usingizi au maumivu, beba za siku za safari na akiba ya wiki moja. Ziwe kwenye pakiti zake za asili, na uwe na barua ya daktari inayotaja jina la kisayansi la kila dawa na dozi yake. Tabia ya kumimina vidonge vya aina nne kwenye kichupa kimoja ili kupunguza mzigo ndiyo inayoleta maswali. Unga wa mitishamba usio na lebo, uliofungwa kwenye karatasi ya daftari, usiubebe kabisa.

Njia. Kutoka Dodoma unapita Mtera, unapanda Nyang'oro, unafika Iringa baada ya kama kilomita 260. Kisha Mafinga, Makambako hadi Mbeya, zaidi ya kilomita 300 nyingine, na kutoka Mbeya hadi Tunduma, mji wetu wa mpakani, ni kama 100. Jumla ni takriban kilomita 700. Ukipanda basi Nzuguni alfajiri, msongamano wa Uyole hadi Mbalizi ukikukuta jioni, unaingia Tunduma usiku, umechoka na huna pa kukimbilia. Ni heri kulala Mbeya, ukaondoka kulipopambazuka na kuvuka ukiwa na mchana mzima mbele yako. Foleni ya malori kabla ya Tunduma huwa ndefu sana. Abiria wa basi dogo wanaweza kulazimika kumalizia kwa bajaji au bodaboda, basi mzigo wako uwe wa kubebeka kwa mkono mmoja.

Tangu kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa Oktoba 2019, anayetoka Tanzania anagonga mihuri yote miwili, wa kutoka na wa kuingia, upande wa Nakonde. Anayerudi anaimaliza upande wa Tunduma. Tatizo ni kwamba Tunduma na Nakonde ni kama mji mmoja uliopasuliwa katikati. Vichochoro ni vingi, na kijana wa kubeba mizigo anaweza kukuvusha ukaona maduka tu pande zote, hujaona ofisi. Unapanda basi la Lusaka kwa amani, halafu kwenye kizuizi cha barabarani pasipoti inafunguliwa haina muhuri wa kuingia. Hapo umeingia nchi ya watu kinyume cha sheria, na basi halikusubiri. Uliza jengo la uhamiaji, ingia mwenyewe, pasipoti isiondoke mkononi mwako.

Fedha ya Zambia ni kwacha. Tarehe 1 Januari 2013 iliondolewa sifuri tatu, kwa hiyo ukipewa noti ya 50,000 ujue umepewa karatasi. Tarehe 31 Machi 2025 lilianza kutoka toleo jipya, lenye noti za kuanzia 10 hadi 500, na kwacha 2 na 5 zikawa sarafu. Noti za toleo la kabla yake zilipewa mwaka mmoja tu wa kutumika. Noti ya 500 ilikuwepo katika zile za kale kabla ya 2013 na ipo katika mpya, na hiyo ndiyo ya kuangaliwa zaidi: tazama mwaka uliochapwa, usitazame namba peke yake. Wabadilishaji wa barabarani pale mpakani wana mkono mwepesi. Anakuhesabia mbele yako, unahesabu zinatimia, anaomba arudishiwe "aongeze moja", na bunda linalorudi lina noti zilizokunjwa katikati zikahesabika mara mbili. Nenda benki au duka la kubadilishia fedha lenye leseni, ubadilishe kiasi cha nauli na chakula, nyingine utoe kwa kadi ya benki kwenye mashine za miji mikubwa. Mfanyabiashara anayebeba fedha taslimu akumbuke kutangaza: kwetu ni kuanzia dola 10,000, Zambia ni kuanzia dola 5,000. Fedha isiyotangazwa inaweza kuzuiwa hata kama ni ya halali.

Saa nayo inakula watu. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, na tiketi zao zinaandikwa kwa mtindo wa 06:00 na 14:00. Tiketi ya 06:00 ni saa 12 asubuhi ya kwao, wakati Tunduma ni saa 1. Ukienda unapata saa moja ya bure, hakuna hasara. Hasara iko kwenye kurudi: basi la kutoka Tunduma saa 12 asubuhi linaondoka wakati Nakonde bado ni saa 11 alfajiri. Na simu usiiamini pale mpakani, maana ukiwa Nakonde inaweza kushika mnara wa Tanzania, ikaonyesha saa ya Tunduma, kisha ikabadilika ukisogea mtaa wa pili. Weka saa kwa mkono.

Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni zaidi ya kilomita 1,000, kupitia Chinsali, Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi na Kabwe. Wenzetu tangu 2016 wana kanuni inayozuia mabasi ya abiria kutembea kati ya saa 3 usiku na saa 11 alfajiri. Sisi tumeshazoea mabasi ya usiku, kwa hiyo abiria anashangaa basi linapoegeshwa stendi ya mji asioujua na dereva anavuta blanketi. Halijaharibika. Basi lililoondoka Nakonde mchana haliwezi kufika Lusaka kabla ya muda huo, hivyo utalala kwenye kiti. Juni na Julai baridi ya nyanda zile inauma. Kitenge kizito au blanketi dogo liwe kwenye begi la mkononi, si chini kwenye buti. Mwenye kutaka kuepuka hilo alale Nakonde, apande basi la kwanza la alfajiri. Wanaotokea Dar es Salaam wana mabasi ya moja kwa moja, lakini hayo hupitia Morogoro, hayafiki Dodoma. Ukitaka kuyadaka, kata tiketi mapema ya kupandia Iringa au Mbeya.

Treni ya TAZARA watu wanaiulizia sana. Reli hiyo ya kilomita 1,860 inaanzia Dar es Salaam, inapita Mbeya na Nakonde na kuishia Kapiri Mposhi, haifiki Lusaka. Kutoka Kapiri unamalizia kwa basi kama kilomita 200. Ni safari nzuri kwa asiye na haraka. Hata hivyo ratiba za abiria zimekuwa zikikatizwa, kwa hiyo pata jibu la stesheni ya Mbeya kabla hujatoka Dodoma, na usipange mkutano wala ndege kwa kuitegemea.

Wenye magari binafsi wana kazi zaidi. Kadi ya gari iwe kwa jina lako. Kama si lako, uwe na barua ya mwenye gari iliyothibitishwa na wakili. Bima ya kawaida ya Tanzania inaishia mpakani. Omba kampuni yako ya bima ikukatie Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika: Tanzania ilitoka COMESA mwaka 2000 lakini imebaki kwenye mpango huo wa bima. Usiichanganye na kadi ya chanjo, ambayo nayo watu huiita ya njano. Afisa wa afya na askari wa barabarani kila mmoja anataka yake. Mpakani utapewa kibali cha forodha cha kuingiza gari kwa muda, utalipia ushuru wa barabara wa magari ya kigeni, tozo ya hewa ukaa inayofuata ukubwa wa injini, na ada ya halmashauri. Kila kimoja kina risiti yake. Zibane zote kwenye faili moja, maana vizuizi vya mbele vitaziuliza, na kibali cha forodha lazima kirudishwe wakati wa kutoka. Uwe na pembetatu mbili, kizima moto, na vibandiko vya kuakisi mwanga, vyeupe mbele na vyekundu nyuma. Mageti ya kulipia barabara ni mengi, weka kwacha ndogondogo karibu na usukani. Kipande cha Mpika hadi Serenje kimekuwa na sifa mbaya ya mashimo, kipite mchana. Zawadi ya mwenye gari ni kwamba anaweza kuchepuka. Kati ya Chinsali na Mpika kuna chemchemi za maji moto za Kapishya, na kaskazini ya Serenje, kwa barabara ya Mansa, kuna hifadhi ya Kasanka, ambako kuanzia Oktoba hadi Desemba popo mamilioni wanakusanyika kwenye msitu mdogo na kuruka wote jioni. Kwa maoni yangu hicho kitu kinastahili safari peke yake, na ni Watanzania wachache wanaokijua.

Lusaka, stendi kuu ya mabasi iko barabara ya Dedan Kimathi. Wapiga debe watakuvuta mkono. Kata tiketi dirishani kwa kampuni, si kwa aliyesimama nje. Laini ya simu inasajiliwa kwa pasipoti, na ukishaipata, huduma za pesa kwa simu zinafanya kazi kama tulivyozoea, ila salio lako la Tanzania usilitegemee kule. Soketi za umeme ni zilezile za pini tatu bapa. Ukame wa 2024 ulipunguza maji ya bwawa la Kariba hadi umeme ukawa wa mgao mkali, kwa hiyo pawabanki iliyojaa si anasa. Chakula hakitakusumbua: nshima ni ugali, kapenta ni dagaa. Kiingereza ndicho cha ofisini. Nakonde Kiswahili kinaeleweka, mbele kidogo ni Kibemba, Lusaka Kinyanja, Livingstone Kitonga. Kumsalimia mtu "muli bwanji" kabla ya kuuliza bei kunafungua milango, kama kwetu.

Sasa maporomoko yenyewe. Livingstone iko zaidi ya kilomita 470 kusini-magharibi ya Lusaka. Maji ya Zambezi yanapanda kuanzia Februari, yanafika kilele karibu na Aprili, na yanashuka hadi Oktoba na Novemba, ambapo upande wa Zambia unabaki ukuta wa mwamba wenye vijito. Upana wote ni mita 1,708 na kimo kinafika mita 108, lakini sehemu inayobaki na maji wakati wa kiangazi iko mbele ya Zimbabwe. Familia nyingi za huku husafiri likizo ya Desemba. Ni mwezi usiofaa: maji ni kidogo na mvua zimeanza. Likizo ya Juni ni bora mara nyingi zaidi. Maji bado ni mengi, anga ni safi, na utalowa manyunyu, kwa hiyo simu na pasipoti viwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Aprili maji ni mengi kupita kiasi, ukungu unaficha kila kitu. Usipoweza ila Oktoba au Desemba, vuka daraja la 1905 uangalie kwa upande wa Zimbabwe, ambako Mtanzania pia haombi viza. Anayetaka kusimama darajani tu na kurudi aombe uhamiaji wa Zambia kikaratasi cha daraja, asigonge muhuri wa kutoka. Getini, pande zote mbili, sema mapema kwamba wewe ni Mtanzania na onyesha pasipoti: wananchi wa nchi za SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, wana kiingilio chao, nafuu kuliko cha wageni wa mbali. Usiposema, utatozwa cha wageni hao.

Mwenye siku za ziada anaweza kufika Botswana kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021. Huko hatuombi viza pia, ila nyama mbichi na maziwa vinazuiliwa mpakani kwa sababu ya magonjwa ya mifugo, hata sandwichi ya nyama inaweza kutupwa.

Nakala ya ukurasa wa picha wa pasipoti na ya muhuri wa kuingia iwe kwenye begi tofauti na pasipoti yenyewe, na nyingine aachiwe mtu nyumbani. Ikipotea, hatua ya kwanza ni taarifa ya polisi ya mahali ilipopotelea. Bila karatasi hiyo ubalozi wetu uliopo Lusaka hauwezi kuanza kukuandalia hati ya dharura ya kurudia. Ukipotezea Livingstone, chukua taarifa hapohapo Livingstone kabla hujapanda basi.

Msomaji wenu,
Nzuguni, Dodoma